Malalamiko kuhusu kalenda ya vimbunga ya msimu wa 2024/2025

Kibaigwa, Kongwa,
Dodoma.
17 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KALENDA YA VIMBUNGA NA OMBI LA KUREJESHEWA ADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, na mzigo wangu mwingi huuzwa Lindi na Mtwara. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na magari yangu yakakwama upande wa Somanga. Ndiyo maana wakala wa kampuni yenu ya utabiri wa hali ya hewa aliponieleza, Novemba iliyofuata, kwamba mnaweza kutaja miezi mitatu kabla wiki ambayo kimbunga kitapiga pwani ya kusini, nililipa ada ya msimu mzima.

Kalenda yenu ilitaja wiki ya mwisho ya Februari, ikataja Lindi na Mtwara kwa majina, na neno "huenda" halikuwemo popote. Nikasimamisha magari, nikakodi ghala. Kimbunga hakikuja. Nilipokwenda kupakia, magunia ya safu ya chini yalikuwa yameingiliwa na dumuzi, unga ukimwagika kila gunia lilipoguswa, na wateja wangu wa Mtwara walikwisha kununua kwa wengine. Hasara ya namna hiyo imo katika biashara, na kwa hiyo peke yake nisingewaandikia.

Kilichonifanya niandike ni ujumbe wenu wa tarehe 3 Machi, ambamo mlijipongeza kwamba utabiri umetimia kwa sababu kimbunga Garance kilipiga kisiwa cha Réunion tarehe 28 Februari. Réunion iko takribani kilomita 2,000 kutoka Mtwara. Ikiwa kimbunga chochote, popote kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kinahesabiwa kuwa ushindi wenu, basi hakuna siku mtakayoshindwa, kwa maana bahari hiyo hupata vimbunga kila mwaka kati ya Novemba na Aprili, na Februari iko katikati kabisa ya msimu wake. Mpiga ramli naye hulipwa, lakini hatumi risiti yenye nembo ya kampuni.

Kipeperushi chenu kinaeleza kwamba mpangilio wa hewa unaojijenga Oktoba na Novemba hujirudia kila baada ya idadi ileile ya siku hadi msimu unaofuata. Sipingi kwamba yapo mambo yanayojirudia angani. El Niño hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7, na wimbi la mawingu na mvua linalosafiri kuelekea mashariki katika ukanda wa ikweta, likizunguka kwa siku 30 hadi 60, hufuatiliwa na wataalamu kila siku. Lakini hayo huongeza au hupunguza uwezekano tu, hayapangi tarehe. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, ambako mtaalamu wa hali ya hewa William Gray alianza kutoa utabiri wa msimu wa vimbunga vya Bahari ya Atlantiki mwaka 1984, hutaja idadi ya vimbunga inayotarajiwa na uwezekano wa pwani kupigwa. Hakitaji miezi kadhaa kabla ni wiki ipi mji fulani utapigwa. Nao wana kumbukumbu za vimbunga vingi mno. Pwani yetu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu ya kutosha kujisokota, na vimbunga vinavyokumbukwa ni vichache: Zanzibar 1872, Lindi 1952, kisha Hidaya. Kutokana na matukio yaliyopishana kwa miongo mingi namna hiyo, naomba mnioneshe mzunguko wenu mliupataje.

Tahadhari ya Hidaya iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangulia kwa siku chache tu, na haikunigharimu hata shilingi.

Naomba mnirejeshee ada yote ya msimu. Gharama za ghala na mahindi yaliyoharibika sidai. Naomba pia ujumbe wa tarehe 3 Machi usahihishwe kwa wateja wote walioupokea, maneno ya kalenda yenyewe yakiwekwa kando yake kama yalivyochapishwa Novemba, ili kila mmoja ajisomee. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitayafikisha malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na nakala ya kalenda, risiti na ujumbe huo.

Wako mwaminifu,

Mfanyabiashara wa mahindi,
Kibaigwa.