Uwatu nimeutoa kwenye begi

Zai mwanangu, assalam alaykum.

Kabla hujauliza nani kafungua begi lako, ni mimi. Ule uwatu wa kwenye kaveera, ule mfuko mweusi wa plastiki, chini ya vitenge nimeutoa wote, asali nimeiacha. Najua mi mwenyewe ndo nilikununulia Old Kampala juzi juzi nikakwambia ukijifungua unywe asubuhi na jioni maziwa yajae. Sasa nakwambia usinywe. Usinywe mpaka mtoto apimwe damu na majibu yarudi, na hata huko Birmingham majirani wakikuletea, manake Wasomali na Waarabu wapo na wanautumia, pokea, shukuru, weka kabatini. Na hii barua uisome mpaka mwisho, nakujua we ukiona meseji ndefu unajibu sawa mama hata hujafika katikati.

Ile fomu ya kliniki uliyokuwa unajaza Jumapili, ulipofika kwenye swali la watoto waliokufa wachanga kwenye ukoo, nikakwambia andika hakuna. Futa. Andika wawili.

Juma unamjua kwa jina, ulikua ukiambiwa alikuwa na homa. Kabla ya Juma alikuwepo msichana na hukuambiwa kabisa. Alizaliwa mnene, siku ya kwanza na ya pili ananyonya mpaka analala na titi mdomoni. Siku ya tatu akaliachia. Nikimpa anageuza uso, kilio chake kikawa chembamba kama cha paka, siku ya nne anapinda mgongo kwa nyuma kama upinde na miguu inazunguka hewani kama mtu anaendesha baiskeli. Na nepi zake, zile za kitambaa, zikilowa zinanuka sukari inayoungua sufuriani, ile harufu ya kashata kabla hujatia nazi. Bibi yako akasema ni uwatu unaokunywa huo, na sisi wote tukakubali, manake ni kweli uwatu unanuka hivo hivo na unapita kwenye maziwa mpaka kwa mtoto. Siku ya tisa tukamzika.

Kwa Juma sikunywa uwatu, nilikuwa sitaki hata kuuona. Siku ya tatu harufu ikaja vilevile. Nikanyamaza.

Sasa mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua dawa za presha nikamkuta daktari mwingine, mtu mzima, akaniuliza nimezaa wangapi na walio hai wangapi. Nikamwambia. Akaacha kuandika akaniuliza, mama, mkojo wao ulikuwa unanukaje? Miaka 32 hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali. Nilishindwa kujibu kwa muda, watu wako kwenye foleni nje wanagonga mlango, na yeye ananingoja tu.

Akanichorea nyuma ya boksi la dawa, na nimelitunza. Nakueleza kama nilivyoelewa. Protini, yani hii nyama, maharage, mukene yani dagaa, karanga, mayai, hata maziwa ya mama, ni kama kawa letu la kufunikia chakula. Limesukwa kwa kindu, na hizo kindu ndo amino asidi, ziko aina 20, na 9 kati yake mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Ukila, tumbo linafumua kawa la watu kindu moja moja alafu mwili unasuka lake. Zinazobaki zinachomwa ziwe nguvu. Kuzichoma kuna kazi yake na kila kazi ina kimeng'enya chake, yani kitu cha mwilini kinachoifanya, na hao watoto wangu inavyoonekana walikosa kile cha kuchoma kindu tatu, leusini, isoleusini na valini. Zikirundikana, leusini hasa, ubongo unavimba. Ile harufu ndo alama yake, na kitu kinachonuka kwenye uwatu ndo hicho hicho kinachonuka kwenye ule mkojo, ndo sababu tulichanganya, na ndo sababu nimeutoa kwenye begi. Wazungu wameuita ugonjwa wa mkojo wa sharubati ya mepo, mepo ni mti wa kwao wanakamua utomvu wake wanapika. Huko Marekani Dr Menkes na wenzake waliuandika mwaka 1954, nyumba moja ilizika watoto wanne. Wanne, Zai.

Daktari hakusema ni huo kwa hakika, watoto hawapo wa kupimwa. Alisema unafanana mno.

Nilimuuliza kuhusu maziwa. Juma alipokataa kunyonya nilikuwa nakamua namtia kwa kijiko, namfunika pua kidogo ili ameze. Maziwa yana protini. Daktari akasema hayakuwa sumu na mama yeyote angefanya hivo. Nilimsikia mchana. Usiku ni jambo lingine.

Sasa hapa usikasirike. Ugonjwa huu unarithiwa, na lazima mtoto aupate pande zote mbili, jeni mbovu ya baba na jeni mbovu ya mama. Mwenye moja ni mzima kabisa, anazeeka hajui. Wenye moja wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4, kila mimba upya, haisemi huyu kaumwa basi anayefuata kapona. Mama yangu na mama wa baba yako ni tumbo moja, unalijua hilo. Na wewe uliyetoka mzima, kama ndo ugonjwa huo, kwa hesabu yake ni mawili kati ya matatu kwamba umeibeba. Na mumeo ni mtoto wa kaka yangu. Nani aliwaweka pamoja hatuna haja ya kurudia, ulikuwa na yule kijana wa Jinja, na mimi nilisema damu yetu inajuana. Mumeo ni kijana mzuri na namuombea kila siku. Lakini na yeye asijaze hakuna kwenye fomu yake.

Si sisi peke yetu, huko Marekani kuna Wamenonaiti wa Pennsylvania, Wakristo wa dhehebu lao, wanaooana wao kwa wao, kwao ni karibu mtoto 1 kwa kila 380, wakati dunia nzima inahesabiwa 1 kwa zaidi ya 180,000. Hao hawakujificha, wakajipanga, watoto wanapimwa mapema, wanakua.

Kwa hiyo shika hili. Uingereza wanamchoma mtoto kisigino wanatia damu kwenye karatasi yenye miduara minne, na tangu 2015 ugonjwa huu umo kwenye orodha yao. Nzuri sana. Lakini wanachoma siku ya tano. Siku ya tano Zai! Binti yangu siku ya tano alikuwa hafungui macho. Kwa hiyo ukifika tu, kabla hujaona hata bustani za huko, mwambie mkunga: mama yangu alizika wawili, mkojo ulinuka sukari ya kuungua, mimi na mume wangu ni ndugu, nataka mtoto apimwe ndani ya siku mbili za kwanza. Sema hivo hivo. Usiseme nadhani. Wenye historia kwenye familia wanawapima mapema, ila lazima uwaambie, na wewe una hii tabia ya kuona haya mbele ya watu wenye makoti meupe, sijui umeitoa wapi, mtu ana digrii ya Makerere, anafunga mahesabu ya kampuni nzima, alafu mbele ya nesi anaongea na sakafu.

Huko huko Birmingham, mwanzo wa miaka ya 1950, alikuwepo mama mmoja ana mtoto wa ugonjwa unaokaribiana na huu, fenilketonuria, kindu nyingine hiyo. Madaktari walikuwa wameugundua lakini tiba hakuna. Yule mama kila asubuhi anawasubiri mlangoni anauliza mnafanya nini na mtoto wangu, mpaka Dr Bickel na wenzake wakamtengenezea chakula kilichoondolewa ile amino asidi, na mtoto akaanza kusimama. Fanya kama yule mama.

Na akikutwa nao si mwisho. Kuna maziwa ya unga yasiyo na zile tatu, ya kwako anapewa kwa kipimo, baadae maharage na nyama kwa mizani maisha yote, ndizi na muhogo zina protini kidogo. Homa ndo adui, manake mtu akiumwa asipokula mwili unafumua nyama zake wenyewe na kindu zinajaa tena, hapo ni hospitali, si kungoja asubuhi.

Shangazi yako anakusalimia. Ndiyo, nimekwenda kwake, nimekaa kwenye mkeka wake mpaka magharibi. Alipomshika Juma alisema tu mtoto ananukia vizuri, na mi kwa hayo maneno nikamwita mwenye jicho, ndo maana hakuja kwenye ndoa yako. Alilia. Amekupa khanga ya kumbebea mtoto, iko juu kabisa ya begi.

Mabati ya jikoni fundi kasema Jumanne, hela uliyotuma kwa simu imetosha na imebaki elfu arobaini, nimelipa ya maji. Kawa jipya nimelitia pembeni, lile la nyekundu na zambarau, usilikandamize na viatu. Cheti cha ndoa na karatasi za kliniki viwe kwenye mkoba wa mkononi, Entebbe watauliza una mimba ya miezi mingapi. Kaka yako atakuja na gari Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, uwe umeshaamka.

Alafu jambo moja la nyumbani usingoje mkunga. Mtoto akizaliwa, siku ya kwanza hiyo hiyo, mnuse sikio. Daktari anasema nta ya sikio inatangulia hata kabla ya mkojo. Nusa sikio, nusa pampasi, alafu unipigie uniambie kunanuka nini. Hata iwe saa nane usiku, simu nitailaza kwenye mto.

Mama yako,
Bombo