Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mbwa Tunaowapokea na Tunaowaacha

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na karibuni nyote. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nafasi yangu naitumia kwa jambo lililozua maneno kuliko mengine yote mwaka huu: kwa nini kamati humpokea mbwa huyu kwenye makao yetu ya mbwa ikamwacha yule.

Lawama zimenifikia. Eti tunabagua, mbwa wa majumba ya Casuarina hapa Malindi wanapokewa siku hiyohiyo, mbwa koko wa mtaa wa Maweni wanarudishwa. Tena tunakataa wanyama na huku vizimba viwili vya nyuma vi vitupu, kila mtu anaviona.

Vizimba hivyo ni vya karantini, yaani vya kuwatenga wagonjwa, na nitafurahi vikiwa vitupu mwaka mzima. Virusi vya pavo, vya ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hukaa mwilini mwa mtoto wa mbwa siku kadhaa bila dalili, na vikishatoka na kinyesi huishi udongoni miezi na miezi. Sabuni haiviui; dawa ya klorini ndiyo. Mnalikumbuka lile boksi la watoto wa mbwa lililorushwa usiku juu ya ukuta wetu. Daktari alipomfunua mdomo mtoto mmoja, fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa, na chini ya boksi ni kuhara damu tupu. Wengine walikufa, wengine wakapona, lakini banda la watoto halikuguswa, kwa sababu palikuwa na pa kuwatenga.

Sasa hilo la ubaguzi. Ni kweli, mbwa aliyeachwa getini masika, nyumba zikifungwa na wenyewe wakirudi Italia, tunamchukua haraka. Amezoea watu, mara nyingi ana kadi ya chanjo, na haupiti muda kabla hajapata mwenyewe mpya. Kizimba chake kinapata mwingine. Mbwa asiyetakwa na mtu hukalia nafasi ile miaka, na nje wanapita wengi ambao tungewasaidia.

Mbwa wa Maweni ana bucha lake, ana mama ntilie anayemtupia mifupa. Kumfungia ndani ya waya ni kumwadhibu. Huyo tunamfunga kizazi, tunamchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, daktari anamkata ncha ya sikio iwe alama, akiwa bado usingizini, ili asije akakamatwa tena bure, kisha anarudishwa palepale alipochukuliwa. Majike kwanza: mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Swali letu la kwanza kwa anayeleta mbwa ni kama ana mwenyewe. Wengi hawajamchoka mbwa wao. Wamechoka na watoto wa kila mara, kupe, au jirani anayelalamika mbwa kumramba mtu njiani akienda msikitini. Mambo haya yana tiba, na ni rahisi kuliko kumlisha mnyama kwetu. Kwa wanaodai Mwislamu hafugi mbwa, wamuulize sheikh yeyote kuhusu mbwa wa ulinzi na wa mifugo.

Aliyeuma mtu hatumpokei kabisa, hata mkija na machozi. Afungwe alipo, ofisi ya mifugo ipewe habari, aangaliwe siku 10. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwani dalili za kichaa zikishatokea ni kifo. Ndiyo maana fedha nyingi naomba ziende kwenye chanjo za mitaani. Inapochanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita.

Wapo pia ambao daktari amewalaza milele kwa sindano kwa kuwa maumivu yao hayakuwa na mwisho. Uamuzi huo ni wake pamoja na wajumbe wawili, na sitakubali mjumbe atukanwe mtaani kwa ajili yake.

Kamati inapendekeza kanuni mbili. Mosi, hakuna mbwa anayeletwa kabla ya kupiga simu, hata na mwanachama. Pili, kizimba cha karantini kisijazwe kwa ombi la mtu yeyote, mwenyekiti akiwemo. Karatasi za kura ziko kwa katibu. Mtapiga baada ya chai.