Kwa Nini Tunakupima Presha ya Macho Kabla ya Kukuuzia Miwani

Wateja wanalalamika kila mara: wamefuata miwani, sisi tunawaweka kwenye mashine, tunawatia matone, halafu tunawaandikia risiti ya vipimo. Mzee mmoja ametuambia wazi kuwa tunamla hela, kwa sababu Kariakoo miwani ya kusomea inauzwa barabarani na hakuna anayekuuliza chochote.

Ni kweli hakuna anayekuuliza. Na ile miwani utasomea vizuri tu, hapo ndipo hatari ilipo, maana ugonjwa wa macho uitwao glakoma kwa kawaida haugusi kusoma mpaka mwishoni. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyotakiwa, presha inapanda, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, na uono unaanza kuliwa pembeni. Kwa wengi haiumi wala jicho halibadiliki. Mtoto wa jicho akitolewa, wengi wanaona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi, uende Muhimbili, CCBRT au India.

Dereva wa daladala wa Mbagala alikuja kubadilisha miwani, za barabarani zimemchosha. Ubaoni alisoma herufi zote. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa 38, wakati kawaida ni 10 hadi 21, na la kulia nalo lilikuwa juu. Tulipompima uono wa pembeni ndipo akatueleza kwamba kioo cha pembeni cha kushoto cha daladala yake kinagongwa kila wakati, na siku zote alikuwa akiwalaumu bodaboda.

Linalotuuma zaidi ni matone ya kujinunulia. Macho yanawasha kwa vumbi hili la Dar, mtu anachukua duka la dawa matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, wekundu unaisha upesi, basi chupa haikosekani nyumbani. Dawa hizo za steroidi zikitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, wenyewe wasihisi. Mama lishe mmoja wa Tandika alikwepa ada ya kumwona mtaalamu kwa njia hiyo. Sasa ananunua matone ya glakoma kila mwezi, na uono wa jicho moja umeshapungua.

Ada yetu ni shilingi 15,000 na hatupunguzi. Humo mna matone ya ganzi, kijikaratasi chenye rangi inayotiwa jichoni ili kupima presha, kusafisha kichwa cha mashine kabla ya kila mteja, na muda wa mtaalamu kuuangalia mshipa nyuma ya jicho, maana wapo wenye glakoma na presha yao iko kawaida. Tukikuta tatizo hatukuuzii dawa, tunakuandikia rufaa ya hospitali.

Ukiwa na miaka 40 na kuendelea, au mzazi, kaka au dada yako ana glakoma, usisubiri miwani ichoke. Njoo na chupa za matone yote unayotumia, hata uliyopewa na jirani. Na kama una pumu utuambie mapema tuiandike kwenye rufaa, kwa sababu timololi, dawa ya glakoma inayotumika sana, inaweza kukubana kifua.