Rashid, nimeiona ile nyumba ya South C

Nairobi,
Jumapili jioni

Kwako Rashid, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Shemeji Zuhura hajambo? Na yule kifungua mimba wenu, bado anakataa samaki? Sisi tu wazima, ila masika yametushika na kila jioni narudi nyumbani na matope hadi magotini.

Nyumba unayotaka kuinunua nimeiona. Nimeiona mara mbili, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Mambo yenyewe yanataka kusomwa polepole, mkiwa mmekaa wewe na shemeji, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Mara ya kwanza nilikwenda na dalali, Jumamosi, jua limewaka. Kijana mcheshi. Alikuwa amefungua madirisha yote na kuchoma udi sebuleni. Wewe ni mtu wa Mwambao, kwenu udi ni jambo la kila siku, lakini dalali wa Nairobi akichoma udi saa nne asubuhi ujue kuna harufu anayoifukuza. Rangi mpya kila mahali, vigae vinang'aa, jikoni kabati za kisasa. Nilitoka pale nikiwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba aliyepaka rangi anaijua kazi yake.

Alhamisi usiku mvua ikanyesha ile ya kumwagika. Ijumaa alfajiri nikampigia kijana: nataka kurudi, saa moja. Akaguna, lakini akaja, na safari hii hakuwahi kuchoma udi.

Sikuanzia ndani. Nilizunguka nyumba kwa nje kwanza, nikitazama maji yamekwenda wapi. Unakumbuka tulipokuwa chumba kimoja Kisauni, Mombasa, jinsi nondo zilivyokuwa zikivimba kwa kutu na kubandua zege darini? Huko adui ni chumvi ya bahari. Huku South C adui yuko chini ya miguu: udongo mweusi wa mfinyanzi, ule mafundi huuita blakkotoni. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, masika na kiangazi. Fundi mwenye akili huuchimba wote mpaka afike ardhi ngumu, akautupa, akajaza mawe na maramu. Fundi wa haraka huchimba mtaro wa kiunoni na kumwaga simiti. Ukishamaliza kujenga, huwezi kumjua yupi ni yupi kwa kuangalia. Lakini ukuta husema.

Ukuta wa nyuma, upande wa jikoni, una ufa. Unaanzia pembe ya dirisha unashuka kama ngazi, ukifuata viungo vya mawe, hadi karibu na kona. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisikutishe, plasta ikikauka hupasuka hivyo. Kipimo changu ni kadi ya benki, ambayo unene wake haufiki milimita moja. Ikikataa kuingia, napita. Hapa iliingia, nikaongeza ya pili, ikaingia, na ya tatu ikapita kwa taabu. Na kuna kitu kilichonisumbua zaidi ya upana wenyewe: ufa ulishawahi kuzibwa. Chini ya rangi mpya unaona mstari wa ile dawa nyeupe ya kuzibia, na ufa umefunguka tena palepale katikati yake. Maana yake ukuta bado unatembea.

Nikainua macho. Juu ya kona ileile gata, ile inayokinga maji ya paa, inaishia, na bomba lake limekatika futi mbili kutoka chini. Maji yote ya upande ule wa paa yanamwagwa kwenye kona moja ya msingi. Kona hiyo inavimba, nyingine tatu hazivimbi. Kwa hiyo sikuambii uikimbie nyumba. Nakuambia chanzo huenda ni bomba ambalo fundi angelitengeneza kwa asubuhi moja, pamoja na kumwaga zege la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Nimechora alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe, ndogondogo, dalali hakuona. Tutarudi baada ya wiki sita tuone kama umezivuka.

Ungeniuliza kwa nini naliogopa jambo hili hivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu. Nyumba yangu ya kwanza, Embakasi, nilipanda mkalitusi hatua chache kutoka ukuta wa chumba cha kulala, nikitaka kivuli. Mti ukakua vizuri sana. Kila kiangazi ulikuwa ukinyonya maji ya udongo mpaka udongo ukanywea, na msingi ukashuka upande ule. Ufa. Nikakasirika nikaukata mti siku moja, nikang'oa na kisiki, nikajiona mjanja. Masika yaliyofuata udongo ukayanywa maji ambayo miaka yote mti ulikuwa ukiyanywa, ukavimba, na ukuta ukainuka na kupasuka kwingine. Mtu niliyekuwa nikilipwa kusimamia nyumba za watu! Mke wangu mpaka leo akiona mche mkononi mwangu hucheka. Nayasema haya kwa sababu pale South C kuna mti mkubwa karibu na lango. Uko mbali na ukuta kiasi, lakini ukiununua uwanja, usije ukamtuma mtu aukate kabla hatujazungumza.

Paa ni lile la kufichwa, kuta zimepandishwa juu ili nyumba ionekane kama sanduku. Fasheni hii imelishika jiji na mimi siipendi, nakuambia wazi. Paa la kawaida likijaa majani, maji humwagika nje. Hili likijaa, maji hayana pa kwenda ila ndani. Nilipanda darini na tochi. Mbao za saipresi ni nzima, nimezichoma kwa bisibisi hapa na pale na haikuzama, na sikuona vijia vya udongo vya mchwa. Lakini chini ya gata ya katikati kuna ubao umeloa, na unyevu wake ni mbichi, wa mvua ya usiku ule, si doa la kale. Juu yake majani yamejaa hadi mdomoni. Chini yake ni chumba cha kona, ambacho dalali alikiita cha wageni, na siling yake ndiyo pekee iliyopakwa rangi mara mbili.

Kuna na tangi. Lita 5,000, juu ya slabu ya zege ya nyuma. Likijaa ni tani tano za maji zimekaa juu ya chumba ambacho nadhani mtawapa watoto. Huenda chini yake kuna boriti ya kutosha, huenda hakuna. Mwambie muuzaji atoe michoro ya ujenzi iliyoidhinishwa na kaunti. Akisema imepotea, hilo nalo ni jibu. Tangi lenyewe utalihitaji, usidhani ni anasa: maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, na huku yanagawiwa kwa zamu. Siku ya zamu nitakwenda nifunge mifereji yote na kuitazama mita. Ikizunguka na hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja chini ya ardhi, na kwa udongo ule hilo ni sawa na kumwagilia msingi mchana na usiku.

Dalali akaniambia, kwa furaha, kwamba hapo juu unaweza kuongeza ghorofa moja ukapangisha. Nikamtazama. Nilikuwa Huruma asubuhi ya tarehe 30 Aprili 2016, baada ya lile jengo la ghorofa sita kuanguka usiku wa mvua, kando ya mto. Nilikwenda kama wengi walivyokwenda, kusaidia kubeba mawe. Sikumjibu kijana, nikashuka ngazi.

Bafu la juu nilitegemea mabaya. Nikafungua maji dakika ishirini nzima, nikashuka kukaa chini yake na kutazama siling kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kukavu. Fundi aliyeweka vigae vile apewe heshima yake. Sebuleni nako, ile rangi inayobanduka chini ya dirisha na ungaunga mweupe wa chumvi, si kitu kikubwa: mwenye nyumba amerundika bustani ya maua ukutani hadi juu ya ile karatasi nyeusi ya DPC inayozuia unyevu, basi unyevu unaipita kama mtu anayeruka ua. Udongo uondolewe ushuke sentimita 15 chini ya karatasi, ukuta uachwe ukauke miezi kadhaa, ndipo upakwe rangi. Harufu iliyokuwa ikifukuzwa kwa udi nadhani ni hiyo.

Umeme sasa. Hapa naomba unisikilize kuliko kwenye ufa. Shawa ile ya kupasha maji papo hapo hutumia wati 5,000 au zaidi. Kwa umeme wetu wa volti 240 ni karibu ampea 21. Nilipofungua kifuniko cha swichi yake nikakuta imeungwa kwa waya wa soketi, wa milimita 2.5, plastiki yake imegeuka kahawia na kulainika. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, umekatwa na kukunjwa nyuma. Mtu na maji na chuma, bila ethi. Shawa hiyo isiguswe na mtoto yeyote mpaka ivutiwe waya mnene wake peke yake, kuanzia milimita 6, na kikata umeme chake, na fundi awe mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Asikudanganye mtu kwamba "imefanya kazi miaka yote".

Umeniandikia kwamba benki itamtuma mthamini, kwa hiyo mimi nisisumbuke sana. Mthamini atakuja, na ni mtu wa maana, lakini yeye anaitafutia benki bei. Hapandi darini, hafungui swichi, hamwagi maji bafuni. Unachohitaji ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, aje autazame huo ufa na hilo tangi, na akuandikie ripoti kwa jina lake na muhuri wake. Atakutoza, naam. Ripoti hiyo ndiyo utakayoiweka mezani mbele ya muuzaji mkianza kuzungumza bei, maana mimi rafiki yako nikisema ukuta unatembea, atacheka tu. Na upekuzi wa hati mwachie wakili, usimwachie dalali aliyesema "hati iko safi" kabla sijamuuliza.

Ukiniuliza mimi, nyumba ina mifupa mizuri na bei mbaya. Bei ile ni ya nyumba isiyo na ufa, isiyo na gata iliyoziba na yenye umeme salama. Nimeshapata mhandisi ninayemwamini, tumefanya naye kazi miaka mingi, yuko tayari Jumatano. Nijibu kabla ya Jumanne usiku, kwa ujumbe hata wa neno moja, ili nimwambie dalali asimpe mwingine funguo, maana huyu naona ana wateja wengine watatu, au anasema anao.

Msalimie shemeji, na mwambie nguo za baridi za watoto azinunue huku, huko zitakuwa ghali bure.

Wako,
Mutua

N.B. Dalali akikupigia, usimwambie nilipanda darini. Nilimwambia naenda kujibu simu.