Barua kwa mwanangu: Alichapwa ngapi?

Hombolo, Jumanne usiku

Mwanangu,

Mbukwenyi nyote, na mkwe wangu umsalimie sana. Nimeambiwa watoto walifika salama. Siku hizi wanapanda treni ya umeme Dodoma asubuhi, mchana wako kwako wameshaoga. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utasema "sawa mama, sawa mama," halafu utakata. Karatasi haikatwi.

Jambo ni moja. Mjukuu wangu mkubwa aliniuliza swali, na tangu aliulize sijalala vizuri.

Tulikuwa tunamenya karanga, umeme umekatika, nikawasimulia habari ya mwana mpotevu. Mdogo alisinzia tukiwa bado kwa nguruwe. Mkubwa alisikiliza yote, joho, pete, viatu, ndama aliyenona. Akanyamaza kidogo. Kisha, "Bibi, alichapwa ngapi kwanza?" Nikamwambia hakuchapwa. "Hata moja?" Hata moja. Akamenya karanga mbili tatu, akasema, "Basi baba yake alimwandika."

Alimwandika wapi, mwanangu? Nikamdadisi, ndipo akanieleza ile karatasi ya kwenye friji. Kwamba anayesahau mstari wa Jumapili anapigwa eksi, eksi tatu hakuna katuni, na kwamba ulimwambia Mungu naye anayo karatasi kama hiyo, ila yake haifutiki. Ulisema hivyo kweli, au mtoto amejiongezea? Hilo unijibu kabla ya mengine yote.

Sikulaumu kwa kuwafundisha. Nilipomsikia anasoma Zaburi ya 23 yote bila kugota, nilimwita jirani aje asikie. Wazazi wangapi huko mjini wanakaa na watoto wao jioni kuomba, pamoja na foleni zote hizo? Wewe unakaa. Baba yako amelitangaza hilo kila mahali, mpaka dukani. Lakini mtoto anayejua kwamba Bwana ndiye mchungaji wake, mbona anatetemeka?

Maana nilimwona akitetemeka. Hili hawakukusimulia, najua, kwa sababu aliniomba nisiseme. Nilimwachia mbuzi nikaenda kufuata maji, yeye akawa anachora magari mchangani. Mbuzi wakaingia kwenye zabibu za jirani. Mbuzi na majani ya mzabibu unawajua. Mashina matatu yalibaki fito tupu. Nikamtafuta mtoto mpaka magharibi. Nikamkuta nyuma ya simtanki, amechuchumaa, vumbi limegandia machozi, anakariri Amri Kumi mbiombio kama mtu anayehesabu hela mbele ya anayemdai. Akifika ya tano anaanza upya. Nilipomgusa bega alijikunja, akakinga kichwa kwa mkono wa kushoto.

Wewe pia ulikuwa unakinga kwa mkono wa kushoto.

Sasa usiseme bibi anadekeza. Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa mwenye zabibu, akasema mwenyewe kwa kinywa chake, "Niliwaacha mbuzi." Siku tatu alibeba maji kwa ndoo ndogo, shina kwa shina. Alilipa kosa lake. Ila alililipa akiwa ameshakula na ameshalala ubavuni kwangu usiku kucha. Mpangilio huo ndio ninaokuandikia usiku huu. Fungua Waefeso 2: neema iko mstari wa 8, matendo mema yako wa 10. Paulo hakuyasahau matendo, aliyapanga tu mahali pake. Wewe karatasi yako inaanzia na wa 10, na wa 8 sijui kama mtoto ameshawahi kuusikia.

Baba yako nilipomsomea haya alisema niache, mtu mzima alee watoto wake. Yeye anaweza kusema. Miaka yote ile ya ukatekista, Wakolosai 3 mstari wa 20, "Ninyi watoto, watiini wazazi wenu," aliusoma mpaka mabati yakavuma. Wa 21 je? "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Hapo sauti ilishuka na miwani ikaanza kutafutwa. Nimemkumbusha jana, akacheka, akaomba chai.

Lakini nisimsingizie yeye peke yake. Habari ya kopo la sukari unaikumbuka, sirudii. Nakwambia tu upande usioujua. Ilikuwa kilo moja ya mwezi mzima na watoto sita, na kabati halikuwa na kufuli. Mungu alikuwa kufuli la bure. "Mungu anakuona," basi, mkono unarudi. Sukari haikuisha kabla ya mwezi, hilo nalikiri kwa fahari kabisa. Halafu kaka yako sasa akija Krismasi anatufikisha kanisani, anabaki ndani ya gari na redio mpaka tutoke. Sisemi ni sukari. Lakini mara moja nilimuuliza kwa nini haingii, akaniambia, "Mama, humo ndani naona naangaliwa." Sikupata la kumjibu, nikamuuliza habari za matairi.

Babu yako mzaa mama, ambaye hukumkuta, alikuwa akitusimulia habari za mwalimu mmoja wa kutoka Uganda, Festo Kivengere, aliyefundisha Alliance pale Dodoma miaka ya 1940 na 1950, shule iliyokuja kuitwa Mazengo; sasa pana Chuo Kikuu cha St John's. Baadaye ndiye aliyekuwa askofu wa Kigezi, Idi Amini alipomuua Askofu Mkuu Luwum mwaka 1977 akalazimika kukimbia nchi yake, na hata hivyo akahubiri kumsamehe Amini. Lakini babu hakuwa akisimulia uaskofu. Alisimulia walokole wa siku zile za uamsho, jinsi mtu alivyosimama mbele ya watu akataja dhambi yake, wizi wa mbuzi, uzinzi, chochote, na kabla hajakaa wenzake wameshamkumbatia na wimbo umeshaanza. Walitubu wakiimba, babu alisema. Sisi tuliokuja nyuma tulishika ile orodha ya dhambi, wimbo tukauacha njiani.

Hata ngoma tuliziacha. Bibi yako, mama yangu, alikemewa na mzee mmoja wa kanisa kwa kupiga muheme, akaificha ngoma darini mpaka mchwa wakaila. Siku hizi wakati wa mavuno akina mama tunapiga muheme hadi mlangoni mwa kanisa, na kuku na viroba vya uwele vinaingia vikichezewa. Wajukuu walikuwepo. Mdogo alirukaruka mpaka akapoteza kiatu. Mkubwa alisimama pembeni, akanivuta kitenge: "Bibi, hii inaruhusiwa?" Miaka minane, mwanangu!

Itoe ile karatasi. Au iache, lakini uandike na yako pembeni: siku uliyompigia kelele mkwe wangu, siku uliyosema uko njiani na ulikuwa bado umekaa. Wakuone nawe unapigwa eksi, na wakuone unacheka baada ya kusamehewa. Mimi sikuwahi kukuomba radhi hata mara moja ulipokuwa mdogo. Nilidhani mzazi akiomba radhi nyumba inaanguka. Kwa hiyo hilo sijui kulifundisha vizuri. Jaribu tu.

Huko Njombe mnakohamia hamtakosa kanisa, ndiko makao ya dayosisi yetu Waanglikana ya Kusini Magharibi, na Walutheri wamejaa. Tafuta penye shule ya Jumapili ambayo watoto wanatoka wakiwa wamechafuka. Na baridi ya kule si kama hii yetu ya Julai, kwa hiyo usiwaachie wapakiaji wa fuso mablanketi, mbebe wenyewe.

Mwenye zabibu nimempa majogoo wawili, tumemalizana, usitume hela. Kama una hela, mguu wa baba yako unahitaji ile dawa ya kuchua, na paa la jikoni lile bati la kona limenyanyuka tena. Fundi wa safari iliyopita alipiga misumari ya mbao, mjinga yule. Mlenda mkavu niliompa mkwe wangu asiuanike tena, umeshakauka.

Anayekuletea barua hii anapanda treni ya Alhamisi. Ana kiroba. Sweta ya mdogo iko chini kabisa, chini ya karanga, na kile kiatu kimepatikana, kiko ndani ya sweta. Ubuyu ni wa mkubwa peke yake, alinisaidia kuutwanga. Mwambie mashina mawili yamechipua. Lile la tatu, la karibu na njia, bado, na jirani anasema tusubiri mvua.

Mama yako