Lifungue Sanduku la Baba Yako

Coventry, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mvua haijakatika tangu Ijumaa. Wiki iliyopita kwenye simu uliniuliza, "Mama, kitabu hichohicho mara ya tatu? Kwani huko maktaba hakuna vingine?" Nilikujibu juujuu kwa sababu nilikuwa navaa niende zamu. Lakini swali lako nililala nalo macho. Nawageuza wazee vitandani huku nakujibu kimoyomoyo. Leo niko mapumziko, basi nikuandikie. Na lile jambo la pili ulilolisema, la sanduku, nalo nitalifikia. Hayo mawili kwangu ni jambo moja.

Kitabu kinaitwa Middlemarch. Mwandishi wake ni mwanamke, Mary Ann Evans, ila kwenye jalada utakuta jina la kiume, George Eliot. Alizaliwa mwaka 1819 karibu na Nuneaton, mji ulio jirani kabisa na hapa. Mwaka 1841 alihamia Coventry na baba yake, wakakaa Foleshill, kulekule ninakopita na basi nikienda kutafuta mihogo na ndizi mbichi. Nyumba yao ingali imesimama. Wengi husema mji wa Middlemarch, ambao ni wa kubuni, una sura ya Coventry ya zamani, wakati watu wa hapa walipokuwa wakila kwa kusuka utepe wa hariri. Na kweli, Bwana Vincy wa kwenye riwaya ana kiwanda cha utepe. Mimi nilianza kukisoma kwa hilo tu. Nimeishi miaka kumi na tisa katika mji wa watu, nikataka kujua ulikuwaje kabla sijaja.

Peke yangu nisingefika mbali. Ni sura 86, ukiacha utangulizi na hitimisho, na Kiingereza chake ni cha kupanda mlima. Nilichoshinda nacho ni kile kikundi chetu cha kusoma cha Alhamisi, pale maktaba. Tuko saba, siku nyingine tisa. Yupo mzee aliyefanya kazi viwanda vya magari tangu ujana wake mpaka alipostaafu, yupo mama wa Kipunjabi ambaye Kiingereza alikikuta ukubwani kama mimi, yupo mwalimu mstaafu, na muuguzi kijana anayekuja na sare yake ya kazi. Hakuna anayemfundisha mwenzake. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa kidole, na aliyekwama anainua mkono, tunarudi nyuma.

Riwaya hii haikutoka kwa mkupuo. Iligawanywa sehemu nane, na wasomaji wa kwanza waliinunua sehemu moja moja kuanzia Desemba 1871 mpaka Desemba 1872, kwa kawaida wakingoja miezi miwili kabla ya nyingine kutoka. Sisi tulikubaliana sehemu moja kwa mwezi. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akilisubiri gazeti la wiki kwa ajili ya hadithi ya "itaendelea", akikutana na jirani kisimani wanabishana kama yule msichana aolewe au asiolewe? Ndivyo tulivyokuwa. Mwezi mzima unatembea na watu wale kichwani. Ukifika Alhamisi unakuta mwenzako naye katembea nao, lakini kapita njia nyingine kabisa.

Sasa hadithi yenyewe, kwa ufupi. Dorothea Brooke ni binti asiyefikisha miaka ishirini, ana moyo mkubwa, anataka kufanya jambo kubwa duniani na hajui alianzie wapi. Anaolewa na Edward Casaubon, kasisi msomi aliyepita miaka arobaini na mitano, ambaye kwa miaka mingi anakusanya maandishi ya kitabu kitakachofungua siri ya ngano zote za kale. Binti anadhani anaolewa na elimu. Wanakwenda fungate Roma, na huko tunamkuta amejifungia chumbani analia. Siku hiyohiyo alikuwa amemwambia mumewe, kwa nia njema kabisa: madaftari yale yote, si wakati sasa uchague utakachokitumia, uanze kukiandika kitabu? Mume anakasirika vibaya. Binti hajui amegusa wapi. Amegusa kidonda, kwa sababu Casaubon mwenyewe anaogopa kwamba kitabu hakitaandikwa kamwe.

Mara ya kwanza tulimchukia Casaubon sote, na mimi nilimzidi kila mtu. Nilimwita mtu wa makaratasi, neno ambalo wewe unalijua limetoka wapi. Yule muuguzi alisema angekuwa yeye angepanda treni ya kwanza kurudi kwao, tukampigia makofi.

Tulipomaliza, mwalimu akauliza, nani anataka tuanze tena? Mikono saba ikanyooka. Ndipo nikajua kusoma mara ya pili si kurudia. Mara ya kwanza unakimbizana na habari: ataolewa na nani, deni litalipwa au halitalipwa, Bulstrode, yule tajiri wa benki, ataumbuka lini. Mara ya pili yote hayo unayajua, kwa hiyo macho yanapata nafasi ya kutazama watu.

Ilikuwa zamu ya yule mzee wa magari kusoma sura ya 29. Inaanza hivi: asubuhi moja, wiki kadhaa baada ya kufika Lowick, kwa mumewe, Dorothea… halafu mwandishi anajikata mwenyewe katikati ya sentensi na kuuliza, lakini kwa nini kila mara Dorothea? Kwani ni yeye peke yake aliyekuwa na la kusema kuhusu ndoa hii? Mzee alisoma hapo, akanyamaza, akavua miwani. Akasema, "Hapa mara ya kwanza nilipita kama sikupaona." Nikafungua nakala yangu. Kote nimepiga mistari ya penseli, lakini ukurasa ule ulikuwa mweupe. Na unaofuata ndio unaosema kwamba Casaubon naye alikuwa na roho yenye njaa kama sisi wote.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, basi nililiacha lipite.

Mwanangu, nataka nikusimulie kisa ambacho sijakusimulia, kwa sababu kila nilichokusimulia kuhusu baba yako kilianza na mimi. Ulikuwa na miaka minne, tuko Muheza. Jioni, umeme umekatika, ba'mkubwa wako kaja na wageni wawili. Baba yako akatoa kauntabuku lake, lile kubwa lenye jalada la kijani, akawa anawasomea methali za Kibondei alizozipata kwa mzee mmoja njia ya Amani, na nani alimwambia nani, na maana zake. Alikuwa anang'aa. Mimi nikaingia na sinia la chai. Sijui siku hiyo nilikuwa na nini. Nadhani ni ile nauli ya Amani, maana sukari ilikuwa ya mkopo. Nikasema, mbele za watu, "Muulizeni kitabu kitatoka lini, mimi nitazeeka nakisubiri." Wageni wakacheka. Naye akacheka kidogo. Akafunika kalamu, akalizungushia daftari ule mpira wake mwekundu wa kukata kwenye tyubu ya baiskeli, akalisukuma chini ya kiti kwa kisigino. Kisha akauliza kama chai ina tangawizi.

Tangu siku hiyo hakuwahi kusoma kwa sauti mbele yangu tena. Aliandika nikishalala. Nilikuwa naamka usiku naona mwanga wa chemli chini ya mlango, nageukia ukutani.

Ndiyo maana sura ya 42 ilinishinda. Casaubon ameambiwa na daktari kwamba moyo wake ni mgonjwa, anaweza kufa wakati wowote. Dorothea anamfuata bustanini, anapitisha mkono wake kwenye mkono wa mumewe; yeye anaiacha mikono yake nyuma, imekakamaa, hata mkono wa binti hauna pa kushika. Binti anapanda juu na hasira. Anakaa na hasira ile peke yake mpaka usiku, anapigana nayo. Halafu anatoka nje ya chumba, anasimama gizani kumsubiri. Mzee anapanda ngazi na mshumaa mkononi, uso umechoka kuliko siku zote. Anashtuka: ulikuwa unanisubiri mimi? Kisha anamwambia, njoo, mpenzi, njoo, wewe ni kijana, huna haja ya kurefusha maisha yako kwa kukesha. Binti anampa mkono, wanatembea pamoja kwenye ule ujia mpana.

Basi, ni hilo tu, hakuna linalotatuliwa. Lakini alitoka akasimama mlangoni. Mimi, miaka yote ile ya mwanga chini ya mlango, sikuwahi kufungua.

Usinielewe vibaya, sisemi baba yako alikuwa malaika. Ada yako ilichelewa kwa ajili ya safari zake, na kuna siku nililia kwa haki. Hata Casaubon mara ya pili hakugeuka mtu mwema: ile nyongeza ya wosia aliyoiacha, kwamba mkewe akiolewa na Will Ladislaw, yule ndugu yake kijana, anyang'anywe mali yote, ni ukatili uleule kila ukiusoma. Kinachobadilika ni kwamba unaona na woga ulioiandika.

Na usidhani kwenye kikundi tunakubaliana. Kuhusu Rosamond, mke wa daktari Lydgate, tuligombana mpaka mtu wa maktaba akaja kuchungulia. Mume amezama kwenye madeni, yeye kwa siri anazuia nyumba isipangishwe, kwa siri anamwandikia ba'mkubwa wa mumewe kuomba pesa. Mimi nilimhukumu. Mama wa Kipunjabi akanifungulia ukurasa unaosema shuleni Rosamond alifundishwa hata namna ya kupanda na kushuka kwenye gari la farasi. "Walimfundisha kuwa pambo," akaniambia, "halafu siku ya njaa mnataka awe jembe?" Bado simpendi Rosamond. Lakini siku hizi nikimsoma nasikia sauti ya yule mama.

Kipo pia kipande cha Mama Garth, anasukuma unga wa pai huku anawafundisha watoto sarufi jikoni, kama bibi yako na chapati zake na jedwali lako la kuzidisha. Ana pauni 92 alizozidunduliza ili mwanawe apelekwe kujifunza kazi. Zote zinaondoka siku moja kulipa deni la kijana ambaye mumewe alimdhamini. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza. Nazijua pesa za kudunduliza kwa ajili ya mtoto.

Alhamisi ya wiki iliyopita, katika usomaji huu wa tatu, tulifika sura ya 74. Bulstrode, tajiri wa benki, mcha Mungu, ameumbuka mji mzima. Mkewe ndiye wa mwisho kujua. Anaambiwa na kaka yake. Anarudi nyumbani, anajifungia, analia. Halafu anavua mapambo yake yote, anavaa gauni jeusi lisilo na kitu, anachana nywele zake chini, anavaa kofia ya kawaida, kama mwanamke anayeingia eda na mumewe yu hai. Saa mbili usiku anamwendea. Mume ameinamisha kichwa, amesinyaa. Anamwekea mkono mmoja juu ya mkono wake, mwingine begani, anamwambia, inua uso, Nicholas. Muuguzi ndiye aliyekuwa anasoma, yule wa treni ya kwanza. Sauti ilimkatika, mzee wa magari akampokea kitabu akamalizia.

Ni baada ya Alhamisi hiyo ndipo uliponiambia kwamba mnapaka rangi chumba cha nyuma, sanduku la bati la baba yako limeshika kutu, na kwamba makaratasi yale yatupwe tu. Ukasema, "Si ulikuwa ukisema mwenyewe, Mama, alipoteza maisha yake humo." Nilisema, kweli. Nilikulisha maneno hayo tangu hujaanza shule, na baba yako amekwenda kaburini hujasikia upande wake.

Casaubon kazi yake ilikuwa bure, kwa sababu Wajerumani walikwishamtangulia naye hasomi Kijerumani. Alikuwa anakusanya yaliyokwisha kukusanywa. Baba yako alikusanya maneno ya wazee waliokuwa hai, wakimtazama usoni, na leo wote wako makaburini. Mimi sijasoma hata ukurasa mmoja. Nilihukumu kitabu kwa nauli yake.

Usitupe. Litoe sanduku barazani, si juani, wino utapauka. Karatasi zilizoshikana usizivute, ziache zipate hewa siku mbili. Mchukue na bibi yako akae karibu, yeye Kibondei anakisikia kuliko sisi. Kauntabuku la kijani litakuwa chini kabisa, naamini mpira bado upo. Anza na hilo. Jumapili nitakuwa nimetoka zamu saa mbili asubuhi, kwenu itakuwa saa nne au saa tano. Nipigie, uniwekee simu karibu, unisomee kutoka ukurasa wa kwanza, polepole. Sitakukatiza.

Mama yako