Njoo Kasapa na makaye ya baba yako

Lubumbashi

Mwalimu mpendwa,

Jambo sana, na jambo kwa mama na watoto. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza swali ambalo hata hapa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wenzangu hawapendi kulitamka kwa sauti: mtu anaacha darasa lake huko Kalemie, analipa minervali, yaani ada ya masomo, anakaa miaka miwili na riwaya na mashairi kwenye masta ya fasihi ya kisasa, ili apate nini? Habari za mishahara unazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazigusa. Nitakueleza tunachosoma, kisha uamue mwenyewe.

Mpango hauna fumbo. Tangu mfumo mpya uingie, lisansi, shahada ya kwanza, ni miaka mitatu na masta miaka miwili, yaani krediti 120, na mwisho kuna memwari, yaani tasnifu, ya kutetea mbele ya maprofesa. Tunafundishwa na tunaandika kwa Kifaransa. Hayo yametosha.

Jambo lenyewe ni hili. Ukisema fasihi ya kisasa, watu wanatazama Paris au Dakar, na kumbe mji huu umeshiba maandishi. Mwandishi na mwanafalsafa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, aliyetutoka mwaka 2025, alifundisha hapa miaka ya 1970, baada ya Kitivo cha Letre, yaani cha lugha na fasihi, kuhamishiwa Lubumbashi kutoka Kinshasa mwaka 1971. Kitabu chake cha 1988, The Invention of Africa, kinaonyesha jinsi wageni walivyoitunga Afrika katika maandishi yao, wamisionari, wasafiri na wanaanthropolojia. Tulikisoma semina nzima, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Na mtu akishakimaliza hawezi kulala bila kujiuliza: na sisi, tulijiandika wapi?

Wengi wanajibu kwa Fiston Mwanza Mujila. Wana haki. Kazaliwa hapa mwaka 1981, anaishi Graz, Austria, na riwaya yake Tram 83 ya mwaka 2014, yenye baa, reli na wachimbaji wa madini, imesomwa dunia nzima. Lakini ni Kifaransa, na imeandikwa mbali. Mimi nimechagua kazi nyingine, na ndiyo inayonifanya nikuandikie usiku huu.

Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji huu kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani, wale ambao mabwana waliwaita maboyi. Iliandikwa kwa taipu, ikatolewa nakala chache, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), ila ndani ni Kiswahili, na ndani kuna watu waliopika, waliofua, waliolea watoto wa wazungu, wakasikia kila kitu mezani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa, alikichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wanahistoria na wanaanthropolojia wamekitumia tangu hapo. Watu wa fasihi ndio tuliochelewa.

Ningependa ukione kwa macho yako. Nukta ni haba. Neno moja limekatwa vipande viwili, maneno matatu yameshikamana kama neno moja. Ukisoma kimya unapotea kabla ya mstari wa tano. Fabian mwenyewe alihitaji mwenzake Kalundi Mango amsomee kwa sauti. Basi nami nafanya hivyo, jioni, uani kwetu mtaa wa Katuba, bukari, ule ugali wetu, ikiwa bado jikoni. Ukikipa sauti kinafunguka: unasikia pale msimulizi anapovuta pumzi, pale anaporudia jambo ili likukae, pale anapoacha hadithi ya wafalme wa Ulaya na kuingia ghafla katika shida za watumishi. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye migodi, alivuta kiti siku moja akasikiliza. Nilipofika mahali fulani akanizuia: “Hapana mama, hapo usikimbie. Hapo mwenye kusema ana hasira.” Nikarudia taratibu. Alikuwa na haki, na aya nzima ikabadilika. Hilo hakuna silabusi iliyonifundisha.

Katika semina mwenzangu mmoja alisema hicho ni chanzo cha historia, si fasihi. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga mlango. Mimi nashikilia hivi: mtu anayesema “sisi” tangu mwanzo, anayechagua nani azungumze na nani anyamazishwe, anayepanga miaka si kwa tarehe tu bali kwa maumivu, huyo anatunga. Kumwita shahidi tu ni kumpokonya kalamu yake. Profesa anayesimamia memwari yangu hakuamua kati yetu, ila amekubali Kiswahili kiwe juu ya ukurasa na Kifaransa chini yake, na mimi nimeshukuru sana.

Na si maandishi peke yake. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi kwa picha kama 100 mwaka 1973 na 1974, akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Katika moja, Lumumba amelala chini, nyuma yake misalaba mitatu. Hotuba gani itashinda hiyo? Kundi la Mufwankolo nalo lilicheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili bila karatasi ya mwandishi: wanakubaliana hadithi, wanaanza. Hizo zote ni kazi zinazosubiri msomaji aliyekua ndani ya lugha yake, na wazee wanaoweza kukwambia wapi pana hasira wanaondoka kila mwaka.

Ndiyo maana nasema njoo. Lakini usije na mada ya kuazima. Marehemu baba yako, nakumbuka, alipofanya kazi kwenye reli aliandika makaye, yaani madaftari: nyimbo, habari za kazini, hotuba za misiba, deni la huyu na la yule. Mama bado anayo ndani ya sanduku? Tafadhali asiyatoe yakafungiwe karanga. Piga picha kila ukurasa kwa simu, hata zilizochafuka, usipange upya wala usisahihishe tahajia. Kisha muombe mama akusomee chache kwa sauti, umrekodi, na andika pembeni kila mahali anaposimama au anapocheka.

Kuhusu kulala usiwe na wasiwasi: chumba cha mdogo wangu kiko wazi, na kutoka Katuba hadi Kasapa tutapanda gari pamoja. Nitumie picha za makaye hata kabla hujaamua. Nina hamu kubwa ya kuyasoma.

Dada yako wa Katuba